Google Maps kwa anayehamia mji asioujua kwa ajili ya ajira ya kwanza: tathmini

Tathmini hii inawalenga watu wa aina moja: wale waliopokea barua ya ajira yao ya kwanza katika mji ambao hawajawahi kuukanyaga, na ambao wamebakiwa na muda mfupi wa kutafuta chumba, kuhama na kuripoti kazini. Wengi wetu tunaifahamu Google Maps kama programu ya kutuonyesha njia tunapopotea. Mimi nimeitumia katika uhamisho wa namna hiyo, na maoni yangu ni kwamba kazi yake kubwa kwa mgeni hufanyika kabla hajafunga mizigo, pale anapoamua aishi mtaa gani. Katika jambo hilo sijaona chombo kingine cha bure kinachoikaribia. Siku ya kuwasili ni habari nyingine, na nitaieleza kwa urefu, kwa sababu upungufu wake unamwangukia hasa yule anayeihitaji zaidi.

Kwa ufupi kuhusu yenyewe: ilizinduliwa Februari 2005, ikitokana na kazi ya kampuni changa ya Sydney waliyoianzisha ndugu wawili, Lars na Jens Rasmussen, pamoja na wenzao, na ambayo Google iliinunua mwaka 2004. Tangu mwaka 2018 inapatikana pia kwa Kiswahili, ambacho kilikuwa miongoni mwa lugha 39 zilizoongezwa kwa mkupuo mmoja. Mtumiaji wa kawaida hatozwi ada. Analipa kwa bando lake la intaneti na kwa taarifa za mienendo yake, jambo ambalo nitaligusa mbele.

Tuanze na chumba. Anayeanza ajira ya kwanza huwa katika hali ngumu ya fedha kuliko atakavyokuwa miezi michache baadaye, kwa kuwa mshahara haujaingia, akiba ni ndogo, na amana pamoja na kodi ya mwanzo vinadaiwa kabla hajakabidhiwa ufunguo. Ni rahisi basi kuvutwa na chumba cha bei nafuu kilichoko pembezoni mwa mji, hasa tangazo linapodai kwamba ni dakika ishirini tu kufika katikati ya mji. Dakika ishirini hizo ni za nani, kwa chombo gani, na ni za saa ngapi? Hilo ndilo swali ambalo programu hii inalijibu vizuri, mradi mtu aiulize ipasavyo.

Weka anwani ya chumba kuwa mwanzo wa safari na anwani ya ofisi kuwa mwisho, kisha usikubali jibu la kwanza. Jibu hilo linahusu dakika ile ile unayouliza, na ukiuliza saa nne usiku ukiwa kitandani, barabara za mji huo huenda ziko tupu. Fungua sehemu ya kupanga muda, chagua muda wa kufika badala ya muda wa kuondoka, halafu weka siku ya kazi na saa ambayo unatakiwa uwe umeketi kwenye meza yako. Kwa safari ya gari hutapewa tarakimu moja bali viwango viwili, tuseme dakika 35 hadi saa 1 na dakika 10. Jicho hukimbilia ile ndogo. Panga maisha yako kwa ile kubwa, kwa sababu katika kipindi cha majaribio mwajiri hana muda wa kusikiliza habari za foleni, na mfanyakazi mpya hana rekodi ya miaka iliyopita ya kumtetea. Baada ya hapo geuza safari, uangalie jioni, kwa kuwa njia nyepesi asubuhi inaweza kuwa nzito wakati wa kurudi.

Kwa usafiri wa umma, usiridhike na jumla ya dakika inayoonekana juu. Igonge safari yenyewe mpaka ifunguke hatua kwa hatua: kutembea dakika 14 hadi kituoni, gari la kwanza, kushuka, kutembea tena, gari la pili. Vyumba viwili vinaweza kuonyesha dakika 50 kila kimoja, kimoja kikiwa na gari moja la moja kwa moja na kingine kikihitaji kubadili mara mbili, na katika maisha ya kila siku tofauti yake ni kubwa mno, maana kila mahali pa kubadili gari ni mahali pa kusubiri, kulowa mvua na kukosa nafasi. Ninashauri kila anayelinganisha vyumba ajumlishe kodi na nauli ya mwezi mzima kabla ya kuamua kipi ni nafuu. Mara nyingi pengo la bei lililomvutia mwanzoni hupungua sana, na pengine hufutika.

Sisisitizi jambo hili kwa sababu ya uchovu wangu tu. Mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti, katika makala yake ya mwaka 1994, alitetea hoja kwamba binadamu wa jamii na nyakati tofauti huelekea kutumia kiasi cha saa moja kwa siku katika safari zao, kwenda na kurudi. Nao wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, walipochambua takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba watu wenye safari ndefu za kwenda kazini huripoti kuridhika kidogo zaidi na maisha yao, ingawa mtu angetarajia kodi nafuu au mshahara mzuri uwe umewafidia. Kijana aliye peke yake katika mji mgeni anahitaji saa zake za jioni kwa ajili ya kupika, kulala, kupiga simu nyumbani na kupata marafiki. Hizo ndizo saa ambazo safari ndefu huzila.

Inafaa kujua makadirio hayo yanatoka wapi, kwa sababu ubora wake haulingani katika kila mji. Habari za foleni hutokana kwa sehemu kubwa na simu za watu walioruhusu mahali pao pajulikane: simu nyingi zikijongea polepole katika barabara moja, programu inaelewa kwamba barabara imebana, kisha inalinganisha na kumbukumbu za siku zilizopita. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alikokota mkokoteni wenye simu 99 katika mitaa ya Berlin, na ramani ikaonyesha foleni mahali ambapo hapakuwa na magari. Ratiba za usafiri wa umma nazo hutoka kwa mamlaka za usafiri zenyewe, kupitia mfumo wa faili ulioanzia Portland, jimboni Oregon, mwaka 2005, wakati shirika la usafiri la mji huo liitwalo TriMet liliposhirikiana na Google. Mamlaka isiyochapisha ratiba zake kwa mfumo huo haitaonekana. Katika miji ambayo magari huondoka yakijaa, programu inaweza kukuonyesha njia ya miguu na ya gari binafsi tu, kana kwamba mtaa mzima hauna usafiri, wakati magari yanapita pale kila baada ya dakika chache.

Hapo dawa ni kuuliza mtu, na mtu wa kwanza wa kuulizwa ni yule ambaye tayari mmeshawasiliana: afisa rasilimali watu aliyekutumia barua ya ajira, au mwenzako wa idara utakayofanyia kazi. Usimuulize kama mtaa fulani uko mbali, kwa kuwa neno mbali kila mtu ana kipimo chake. Muulize yeye mwenyewe anaishi upande gani, anatoka nyumbani saa ngapi, na siku ambayo mvua imenyesha anatoka saa ngapi. Majibu hayo yana thamani kuliko kadirio lolote la kompyuta.

Sehemu ya pili ninayoisifu kwa moyo wote ni Street View, yaani picha za barabarani, iliyoanza mwaka 2007 katika miji mitano ya Marekani na sasa iko katika nchi nyingi ingawa si kila mtaa. Kwa anayetafuta chumba kutoka mbali, hii ni fursa ya kutembea kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kabla ya kulipa chochote. Tembea kweli, hatua kwa hatua, ukiangalia kama kuna njia ya waenda kwa miguu au ni ukingo wa barabara tu, kama kuna nguzo za taa, kama maduka yako pembeni au ni ukuta mrefu usio na mlango, na kama kati ya kituo na nyumba kuna reli au barabara kuu ambayo haina kivuko. Vizuizi vya aina hii ndivyo vinavyofanya mita 400 za kwenye ramani ziwe kilomita moja na nusu za miguu. Kisha soma tarehe: kila picha huonyesha mwezi na mwaka ilipopigwa, na ukitumia kompyuta unaweza kufungua picha za miaka ya nyuma za mahali pale pale. Mtaa uliopigwa picha miaka minane iliyopita unaweza kuwa na majengo ambayo hata hayakuwepo. Na kwa kuwa picha nyingi hupigwa mchana wa jua, hazikuambii chochote kuhusu saa tatu usiku, saa ambayo huenda ukawa unarudi.

Picha hizo zinasaidia pia kumtambua tapeli. Linganisha picha za tangazo na jengo lililoko kwenye anwani: idadi ya ghorofa, umbo la madirisha, rangi ya geti, mti ulioko mbele. Anwani ikiangukia kwenye kituo cha mafuta au kiwanja kitupu, na picha ikawa ya karibuni, mazungumzo na anayejiita mwenye nyumba yaishie hapo. Hata hivyo kinyume chake hakithibitishi kitu. Jengo kuwepo kweli si ushahidi kwamba anayelitangaza ndiye mwenye haki ya kulipangisha, wala ramani haina namna ya kujua hilo, kama isivyojua mkataba unasemaje kuhusu kurudishiwa amana. Hakuna fedha ya kutumwa mpaka wewe au mtu unayemwamini ameingia chumbani, amefungua bomba na kuona mkataba.

Kuhusu maoni ya watumiaji na nyota zao, nashauri tahadhari. Google yenyewe ilieleza kwamba katika mwaka 2023 ilizuia au kuondoa maoni zaidi ya milioni 170 yaliyokiuka kanuni zake, na kiasi hicho pekee kinaonyesha wingi wa watu wanaojaribu kuipotosha. Wastani wa nyota, kwa jengo la kupangisha au hosteli, nauona hauna uzito. Kinachofaa ni kupanga maoni kuanzia mapya, kisha kutafuta ndani yake maneno machache kama maji, kelele, amana, umeme. Lalamiko moja lenye hasira huenda ni ugomvi wa mtu binafsi, lakini lalamiko lile lile kuhusu amana, likiandikwa na watu tofauti katika miaka tofauti, ni la kuaminiwa.

Sasa siku ya kuwasili. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 programu hii inaweza kuelekeza njia bila intaneti, na kila mgeni anashauriwa kupakua ramani ya mji anaokwenda kabla ya kuondoka. Ushauri ni mzuri, lakini wanaoutoa mara nyingi husahau kusema kwamba bila intaneti maelekezo yanayopatikana ni ya gari tu. Ya kutembea hayapo, ya basi na treni hayapo, ya baiskeli hayapo, wala habari za foleni. Fikiria ni nani anayeshuka stendi akiwa na begi mawili, laini yake ya simu haijapata mtandao, na hana gari: ni huyu huyu mfanyakazi mpya. Mwenye gari lake anahudumiwa, na mwenye miguu yake anaachwa. Huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote kwa msomaji ninayemwandikia, na kampuni yenye uwezo huo ingeweza kuuondoa.

Nukta ya bluu inayokuonyesha ulipo itaendelea kufanya kazi, kwa sababu simu hupokea ishara kutoka kwenye satelaiti za GPS zilizoko takribani kilomita 20,200 juu ya dunia na haihitaji intaneti kwa hilo. Inachohitaji ni kuziona satelaiti zisizopungua nne. Mahali palipo wazi simu ya kawaida hukosea kwa kiasi cha mita tano hivi. Katikati ya majengo marefu ishara hugonga kuta kabla ya kufika, nukta ikarukia mtaa wa pili, na mshale wa mwelekeo ukaelekea nyuma. Hali hiyo ikitokea, nenda mpaka kwenye makutano yaliyo wazi, simama pembeni mahali salama, usome majina ya barabara kwa macho yako kabla ya kuendelea.

Maandalizi yangu niliyoyaona yanatosha ni haya. Siku moja kabla ya safari, ukiwa bado na intaneti, fungua njia ya kutoka stendi hadi chumbani hatua kwa hatua, upige picha za skrini. Hifadhi kwenye ramani sehemu muhimu, yaani chumba, ofisi, hospitali iliyo karibu na duka la dawa, ili zionekane hata mtandao ukikatika. Kama mtaa hauna majina wala namba za nyumba, mwombe mwenye nyumba akutumie msimbo wa Plus Code, ambao programu huutoa kwa sehemu yoyote ya dunia, na ambao kwa urefu wake wa kawaida unabainisha eneo la takribani mita 14 kwa 14. Halafu weka kwenye simu programu ya pili, Organic Maps, inayotumia data za OpenStreetMap, mradi wa ramani huria wa watu wa kujitolea ulioanzishwa na Steve Coast mwaka 2004. Hiyo hufanya kazi yote bila intaneti, maelekezo ya miguu yakiwemo. Haijui foleni, na katika baadhi ya miji maduka yake ni machache, lakini kwa yule aliyeshuka stendi na begi mawili ndiyo yenye faida.

Kuna pia uwezo wa kumshirikisha mtu mahali ulipo, uliowekwa mwaka 2017, ambao wazazi wengi wataupenda. Kwa siku ya safari naunga mkono: chagua muda maalumu, umwarifu mama au kaka yako kwamba nukta inaweza kusimama muda mrefu kwa sababu ya mtandao na si kwa sababu ya balaa, na ukishafika uuzime. Kuuacha wazi miezi mizima si jambo ninaloliunga mkono kwa mtu mzima aliyeanza kujitegemea. Kuhusu kumbukumbu za safari zako, Desemba 2023 kampuni ilitangaza kwamba zitaanza kuhifadhiwa ndani ya simu yenyewe, hatua niliyoifurahia. Hata hivyo ingia kwenye mipangilio ujionee kilichowashwa na kilichozimwa.

Limebaki suala la muda wa kuiacha. Mwaka 2020 watafiti Louisa Dahmani na Véronique Bohbot walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu waliotumia zaidi vifaa vya GPS maishani mwao walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya maeneo walipotakiwa kutafuta njia wenyewe. Na katika kikundi kidogo kilichopimwa tena miaka mitatu baadaye, waliokuwa wameongeza matumizi ndio walioporomoka zaidi. Kundi lilikuwa dogo na sitaki kulibebesha kuliko linavyoweza, lakini linaafikiana na ninachokiona kwa wengi waliohama: mtu anakaa mwaka mzima mjini, na bado anaujua kama vituo viwili vilivyounganishwa na sauti ya simu.

Kwa hiyo safari ya majaribio kwenda ofisini, ambayo kila mfanyakazi mpya anapaswa kuifanya kabla ya siku ya kwanza, ifanywe kwa mpango. Iwe siku ya kazi na saa ile ile ya asubuhi, kwa kuwa barabara ya Jumapili haifanani na ya Jumatatu. Wakati wa kwenda, tumia programu, lakini gusa alama ya dira ili kaskazini ibaki juu na ramani isizunguke kila unapopinda. Hivyo utaanza kuelewa ofisi iko upande gani wa chumba chako. Pita mlango wa jengo, uulize mlinzi wafanyakazi wanaingilia wapi na lango hufunguliwa saa ngapi, kwani pini ya ramani mara nyingi huwekwa katikati ya jengo na wala haionyeshi mlango. Wakati wa kurudi, simu iwe mfukoni, na uitoe pale tu ambapo umesimama na huna hakika upinde wapi.